Saa za Mwaka wa Sitini na Nane

Taban wa Kisugu alikusanya saa za mkono zilizotengenezwa mwaka 1968 tu, mwaka aliozaliwa, na alimwambia hivyo kila mtu, hata asiyeuliza. Leo alimwonyesha mama yake, Kulusum, saa ya kumi na tisa.

Mama aliigeuzageuza. “Sitini na nane ni mwaka wa kaka yako, Taban wa kwanza, aliyekufa kwa surua. Wewe tulikupa jina lake, na cheti chake cha kuzaliwa ndicho kilichokupeleka shule.”

Taban akakaa kitako. “Sasa mimi nilizaliwa lini, Mama?”

“Mvua ilikuwa kubwa,” akasema, akamrudishia saa.

Taban akaitia ufunguo, ikaanza kutembea. Akabaki ameishika, asijue aivae au ampelekee mwenyewe kaburini.