Gauni la Kocha

Wifi hakumnong'oneza mtu. Alisimama katikati ya baraza, mkono kiunoni, mbele ya wanawake wote waliokuja kupimwa sare za harusi ya binti yake, akamtupia fundi gauni lake la ujana. Lilikuwa limekaa sandukuni hadi likanuka dawa ya wadudu.

"Pima hilo," alisema. "Sare yangu ishone kwa kipimo hicho, mimi usinipime. Harusi ikifika mwili utakuwa umelifuata."

Fundi alikuwa dada wa mumewe, wa mwisho kuzaliwa. Msichana mpole, mwenye maneno machache kuliko pini zake, aliyelala chumba cha nyuma na kushonea barazani kwa hisani ya wifi huyo huyo. Hisani hiyo alikumbushwa mara kwa mara, kama mtoto anavyokumbushwa kunawa. Basi alipima gauni, mwenyewe akamwacha bila kumpima. Ila kwa woga wake, ndani ya mishono ya ubavuni ya gauni jipya alikunja kitambaa cha ziada, kipana, akakificha vizuri.

Mazoezi yakaanza. Wifi alinunua raba nyeupe, taulo la shingoni na filimbi, na filimbi ndiyo iliyoharibu mambo. Siku za mwanzo aliruka uani pamoja na wale wanawake wa sare. Kisha akagundua kwamba anayeruka hawezi kupuliza, na asipopuliza wenzake watalegea. Akaacha kuruka. Baadaye akaleta kiti, maana kocha aliyesimama haoni vizuri magoti ya watu. Kiti kikavuta meza, na meza ikavuta chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili.

"Sauti inakauka," alieleza. Tangu hapo wakamwita Kocha, naye akaitika.

"Wewe mke wa kinyozi, hapo unaruka au unatafuta hereni iliyodondoka? Juu, mama, juu."

"Kocha, shuka na wewe tukuone."

"Nikishuka, nani atawaona nyinyi?"

Mwezi ulipoisha, Kocha aliingia chumbani na fundi, akafunga mlango, akajaribu gauni jipya. Lilipita kichwani, likapita mabegani, likagoma kwenye mbavu. Wakavuta, wakasukuma. Mwishowe Kocha akakaa kitandani, gauni limemkwama kifuani, mikono iko juu kama aliyekamatwa na polisi.

"Nimejidanganya," alisema kwa sauti ndogo ambayo fundi hakuwahi kuisikia. "Kawaambie mazoezi basi. Wacheke wamalize."

Hapo ndipo pa kusema kweli, kwamba kinachopungua kwa kupuliza filimbi ni pumzi tu. Lakini fundi alimhurumia, na tena alijihurumia zaidi. Aliiona cherehani yake ikitolewa barazani na godoro lake likifuata nyuma.

"Ni zipu, wifi," alisema. "Niachie, nitairekebisha."

Alifumua, akaachia kitambaa kidogo cha ziada, akashona tena. Kesho yake gauni lilipita.

"Umeona?" Kocha alijigeuza mbele ya kioo. "Na jana nililala na njaa kidogo tu."

Kuanzia hapo zipu ikawa inaharibika kila mwezi. Gauni likapanuka, na kiburi cha Kocha kikapanuka nalo. Alikagua sahani za watu. Mumewe, mtu mzima mwenye mvi, alijifungia chooni kunywa soda. Hata fundi hakusalimika: "Nawe ungekuja uani tungekunyoosha huo mgongo wa ndoana."

Ajabu ni kwamba wale waliopuliziwa filimbi walipungua kweli. Mke wa kinyozi, mwalimu wa chekechea, muuza mkaa wa pale kona, wote walirudi barazani wamejishika viuno kama watu walioibiwa, wakitaka sare zao zibanwe. Fundi akakata, akabana, vipande akavitia kwenye mfuko chini ya cherehani.

Wiki ya harusi, zipu ikaharibika tena. Fundi alipofumua alikuta mshono umefika ukingoni. Ndani hapakuwa na cha kuachia. Alikwenda dukani akaambiwa kitambaa kile kimekwisha na hakirudi. Alirudi amekunja uso, mguu ukagonga mfuko wa vipande.

Siku mbili kabla ya harusi, gauni lilipita hadi chini na zipu ikafungwa. Kocha akacheka, akainua mkono ajione ubavu. Akaacha kucheka.

"Hii ni nini?"

"Kipande."

"Naona ni kipande. Mbona kimepauka?"

"Cha muuza mkaa hicho, alishaivaa sokoni sare yake." Fundi alionyesha kwa kidole. "Cha juu ni cha mke wa kinyozi. Ubavu wa pili ni mwalimu. Wifi, zipu haikuwahi kuharibika. Nilikuwa naachia mshono. Sasa kitambaa kimekwisha."

Kocha akakaa, kitanda kikalia. Alipitisha vidole juu ya vipande, kimoja kimoja. Fundi alikuwa ameshaanza kuwaza atafungashia wapi nguo zake.

"Mke wa kinyozi ametoa chote hiki?"

"Na kingine kimo kwenye mfuko."

"Muuza mkaa je?"

"Huyo ndiye zaidi."

"Nani alikuwa anawarusha?"

"Wewe, wifi."

"Basi," alisema Kocha, akasimama.

Harusini, alipoitwa kusema neno, aliwasahau maharusi. Aliinua mikono yote miwili, akageuka huku na huku. "Mnaviona hivi? Huyu hapa mke wa kinyozi. Huyu mwalimu. Mwenye kutaka ushahidi wa kazi yangu, mimi nimeuvaa."

"Kitunze changu, Kocha," muuza mkaa alisema kutoka nyuma, mdomo umejaa. "Kwa wali huu nitakuja kukidai."

Ukumbi mzima ukacheka, na Kocha akacheka kwa sauti kuliko wote, akidhani anashangiliwa.

Jumatatu asubuhi alikuja barazani na lile gauni la ujana mkononi. Filimbi ilikuwa shingoni, na siagi ilikuwa mdomoni.

"Binti wa pili naye kachumbiwa. Shona jingine, kipimo kile kile," alisema. Akainama karibu. "Ila hiyo zipu uiachie nafasi ya kutosha."

Fundi hakulipokea gauni. Alitazama cherehani, iko palepale, hakuna aliyeitoa. Akavuta tepu ya kupimia shingoni mwake.

"Inua mikono, wifi."

Kocha alitazama uani, wenzake walikuwa bado hawajafika. Akainua mikono polepole, na tepu ikaanza safari ya kumzunguka.

"Usisome kwa sauti," alisema.