Utando Juu ya Dengu

Azza alijua siku ileile alipofungua friji. Dengu za jana, alizozipika mwenyewe kwa kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, zilikuwa zimefunikwa utando mweupe, mgumu. Alizeti ndiyo igande hivyo jamani? Thubutu!

Daktari aliwaeleza vizuri, yeye na mumewe Habib, moyo wa Habib ulipomgomea dukani kwake Kariakoo. Chembe za samli zimenyooka, alisema, zinalaliana kama njiti ndani ya kiberiti, ndiyo maana inaganda. Na mtu akiizoea, lehemu, yale mafuta mabaya, inapanda kwenye damu mpaka mishipa inaziba. Chembe za alizeti nyingi zimepinda, hazipangiki, zinabaki majimaji. Kwa moyo ule, samli mwiko.

Sasa nani mwingine wa kuitia? Bi Badria, mama yake Habib, alikuwa amehamia kwao Mchafukoge kumuuguza mwanawe. Kwake yeye mzazi hupewa samli, mwenye homa samli, aliyevunjika mguu samli. Azza akigeuka tu, kijiko kimezama chunguni. Wala si kwa ubaya. Mama wa watu alimwona mwanawe anakonda, roho ikamuuma.

Azza alibeba bakuli mpaka chumbani, hasira zimempanda. Habib akautazama ule utando, akacheka kidogo.

"Najua. Ladha nimeisikia toka siku ya kwanza."

"Unajua na unakula? Habib, una akili kweli wewe?"

"Nikimwambia mama kwamba chakula chake kinaniua, ataishije? Niapie hutamwambia."

Azza alilia, akagomba, akamwita majina yote. Mwisho akaapa. Tangu hapo akawa analinda jiko kama askari. Akificha kopo la samli, Bi Badria ananunua jingine. Na mtu atalinda mpaka lini? Mtu huoga, mtu huswali.

Habib alifariki Ijumaa asubuhi, kanzu ya kuendea msikitini ikiwa bado mkononi.

Msibani wanawake walijaa mikekani, Bi Badria katikati yao, sauti imekauka kwa kilio.

"Mwanangu kafa kwa udhaifu," alisema. "Kulishwa mafuta ya mbegu, maji matupu! Mie nilikuwa nikiibia kumtilia kijiko cha samli, lakini kijiko kitafaa nini?"

"Masikini," jirani yao Kuruthumu aliguna, na macho ya wote yakamgeukia Azza ndani ya nguo zake za eda.

Maneno yalimjaa Azza kooni: njiti, lehemu, mishipa, yote. Alimchukia yule mama, wallahi alimchukia. Angesema neno moja tu, wangejua nani alimlisha nini.

Bi Badria akamshika mkono.

"Hebu niambie, Azza. Pengine ningezidisha kidogo, angepona?"

Alikuwa anauliza kweli. Mama huyu hakuwa amelala tangu Ijumaa akijiuliza hilo.

Machozi yalimtoka Azza, na hasira haikuwa imepoa hata kidogo.

"Wewe ulifanya uliloweza, mama," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi ndiye niliyemnyima. Nisamehe."

Bi Badria akamvuta kifuani, akamsamehe mbele ya watu wote.