Mtandao Ulioishia Koridoni

Vishikwambi vyote vya Gredi ya Sita viliganda kwenye swali la kwanza la jaribio. Wesonga, injinia aliyepanga mtandao wa shule hiyo ya Shauri Moyo, alikuwa koridoni. Lakini Madam Akech, mwalimu mkuu, alimgeukia Obonyo, fundi aliyevuta nyaya.

"Obonyo, waya hizi ulitoa soko la Gikomba, kwa mitumba?"

Walimu walicheka.

"Madam, mtumba ni hii shati tu. Waya ni mpya. Muulize injinia, tulipima pamoja."

Wesonga aliinamia laptopu. Nyaya hazikuwa na kasoro. Alikuwa amepima mawimbi ya mtandao wakati wa likizo, rangi ikikauka na milango yote ikiwa wazi, akaridhika kutundika vifaa vya kurusha mtandao koridoni badala ya ndani ya madarasa. Masomo yakianza, kelele za wagonga mabati nyuma ya ua huwalazimu walimu kufunga milango, nayo ni ya chuma kitupu. Mawimbi hayapenyi chuma. Hilo alifundishwa chuoni. Kelele zenyewe alizijua tangu utoto wake Makongeni, mtaa wa jirani.

"Injinia, ni waya?"

"Bado nakagua," alisema.

"Mimi nimeshamaliza kukagua. Obonyo, beba ngazi yako. Na ile kazi ya kudumu niliyokuahidi, sahau."

Obonyo alimtazama Wesonga. Wesonga aliendelea kutazama kioo cha laptopu. Ngazi ilipotoka getini ndipo alipomsogelea mwalimu mkuu na kusema kwa sauti ya chini, "Madam, kosa ni langu. Wafungue milango."

Milango ikafunguliwa, maswali yakafunguka, watoto wakashangilia. Wesonga akamkimbilia Obonyo barabarani.

"Rudi, Madam amesema kazi bado ni yako. Nimemwambia ukweli."

"Umemwambia saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Mbona si nikiwa pale?"

Wesonga alinyoosha mkono amsaidie kubeba ngazi.

"Kazi naitaka, nina watoto," Obonyo alisema. "Lakini walinicheka walimu wote, si Madam peke yake. Wewe tangulia uwaambie. Mimi nitaingia ukimaliza."

Wesonga alianzia Gredi ya Sita. Kabla hajafungua kinywa, mwalimu aliwainua wanafunzi wake.

"Makofi kwa injinia wetu!"

Wesonga alisimama mbele yao, mikono ikining'inia, akingoja makofi yaishe.