Uwanja wa Moja kwa Mia

Jana mchana usingizi ulinichukua juu ya mchoro wangu, nikaota rula inaniita kwa jina la nyumbani.

"Mwanahawa," ikasema, "kipimo chako ni kipi?"

"Moja kwa mia." Kila mwanafunzi wa ubunifu wa bustani hapa Uholanzi anajua hilo: mita moja ya ardhi, sentimita moja ya karatasi.

"Basi vua viatu, uingie."

Nikapungua mara mia papo hapo, wala haikuuma. Natembea ndani ya bustani niliyoichora mwenyewe. Jamani, ni nzuri! Na sijisifu, wa kusifiwa ni mwalimu wangu, Bi Hendrika, anayepogoa ua wa michongoma kwa jicho tu, ukaweka juu yake kikombe cha chai kisiiname. Ndiye aliyetufundisha kupanda tukitazama miaka kumi mbele.

"Tumefika mwaka wa nne," mti mmoja unaniambia. "Subiri kidogo."

Nasubiri. Unarefuka.

Tatizo lilikuwa katikati. Hapo niliacha karatasi nyeupe. Asubuhi Bi Hendrika aliuliza, "Hapa kuna nini?" Nami kwa haya nikajibu, "Hakuna kitu." Akanisihi nipajaze kabla ya saa kumi, maana huu ndio mtihani wa mwisho, na mchoro usiokamilika ni kurudia mwaka mzima. Nilikuwa nimeshachonga penseli ya kijani, nipake nyasi.

Sasa napiga hatua ya kwanza kwenye ule weupe.

"We! Ishia hapo hapo!"

Ni bibi yangu, Bi Mwantumu wa Muheza, ameinama na fagio lake la chelewa, mkono mmoja mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nafagia tangu alfajiri, wewe unanikanyagia?"

Natazama chini. Mistari ya fagio inapinda sawasawa mpaka mlangoni, hakuna hata jani. Miaka mitatu nimezunguka bustani za watu nikishangaa, kumbe sijawahi kuona mkono kama huu. Machozi yakanitoka.

"Bibi, nimemwambia mwalimu hapa hakuna kitu."

Akanyoosha mgongo. "Hakuna kitu? Wageni wanakaa wapi? Mpunga unaanikwa wapi? Wewe mwenyewe ulitambaa wapi? Hiyo hakuna kitu yako inanivunja kiuno kila siku ya Mungu!"

"Anasema kweli," mawaridi yakaitikia, na rula ikaomba radhi kwa niaba yangu.

Mlango ukagongwa, nikaamka. Saa kumi kasorobo. Bi Hendrika akaingia, akaitazama karatasi.

"Hapa kuna nini?"

"Uwanja," nikasema. "Umefagiliwa."

Akavaa miwani, akainama, akainama tena. "Mistari hii umeichora kwa kalamu gani? Sijawahi kuona mkono kama huu."

Sikuwa nimechora mstari hata mmoja. Lakini ilikuwepo, myembamba, imepinda sawasawa mpaka mlangoni.

"Si mkono wangu, mwalimu," nikamwambia. "Ni wa bibi yangu."

Nikairudisha penseli ya kijani kwenye kikopo. Pembeni mwa uwanja palikuwa na unyayo mmoja, mdogo kama punje ya ufuta. Huo tu ndio wangu.