Alama Nyekundu za Bikizee

Nilipookota spana ya kupimia ili niirudishe kwenye kasha lake, nikaona namba: ishirini na tano.

Spana hiyo unaiwekea namba, unakaza bolti, na nguvu ikitosha inalia tik. Ishirini na tano ni ya plagi, nilizofunga jana asubuhi. Bolti za breki za mbele zinataka mia na kumi. Na kazi yangu ya mwisho jana jioni ilikuwa breki ya mbele kushoto. Kama spana ilibaki kwenye namba ya plagi, basi ile breki sikuikaza.

Gari halikuwepo gereji. Baba alikuwa ameondoka nalo dakika ishirini zilizopita, binti yangu wa miaka saba kiti cha mbele, kwenda kumringia rafiki yake wa zamani anayeishi bondeni. Na kufika bondeni ni mteremko mmoja mrefu, kona baada ya kona.

Gari hilo tunaliita Bikizee. Baba alimnunua kabla hajamwoa mama, akamwendesha mpaka akachoka, kisha akamfunika turubai miaka kumi na tisa. Mwaka huu tukamfufua. Paa tulilikata likashuka, bodi tukaipiga rangi ya damu ya mzee, na chini ya boneti nikamtia injini mpya yenye tabo, ambayo ukiikanyaga kidogo tu mgongo unabandikwa kwenye kiti. Ndiyo maana nikamfungia na breki mpya za diski. Bikizee mwenye moyo wa kijana atatuua, nilimwambia baba, naye akacheka hadi akakohoa.

Baba ndiye aliyenifundisha ufundi, na sheria yake ni moja: ukishakaza bolti, ipake tone la rangi ya kucha, nyekundu. Kaza kwanza, paka baadaye. Atakayeona wekundu ajue hapa pamekwisha. Jana nilikuwa nimechuchumaa pale kushoto, bolti zote mbili nimeziingiza kwa vidole tu, wifi yangu akapiga simu kunisimulia ugomvi wake na mwenye nyumba. Ugomvi wenyewe ulikuwa mtamu. Nikamsikiliza, huku mkono mwingine ukichukua kichupa na kupaka. Kisha nikarudisha gurudumu, nikaenda zangu nyumbani. Mimi huyu, ninayeshinda nikiwagombeza watu kwa uzembe!

Nikampigia baba. Simu yake ikalia palepale mezani, chini ya gazeti.

Nikakimbilia kwa jirani, fundi wa kuchomelea. "Naomba pikipiki."

"Dada, wewe pikipiki unaijua?"

"Lete ufunguo!"

Nilichomeka spana ya kupimia kwenye mkanda, nikaondoka. Kijasho chembamba kilinitoka na upepo wote ule. Kila gari jekundu lililokuja mbele yangu lilinishtua, na kila watu watatu waliosimama pamoja kando ya barabara niliona ni ajali. Nilimwomba Mungu kwa sauti, kisha nikamtukana wifi yangu, kisha nikaomba tena. Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile.

Pale barabara inapoanza kuteremka, nikamwona Bikizee. Ameegeshwa pembeni, gurudumu la mbele limepindwa hadi mwisho, na chini yake imetokeza miguu miwili ya mzee, imetulia kabisa. Nilitupa pikipiki. Mguu mmoja ukajikuna kwa mwingine.

"Baba!"

"Fundi," akaniambia kutoka huko huko chini, "hizi mbili zimezunguka mduara mzima. Zilikuwa zinacheza."

Nikakaa chini. "Nimekosea, Baba. Nilipaka rangi kabla ya kukaza."

"Ulipaka?"

"Si hiyo hapo, nyekundu, mbele ya macho yako?"

"Siioni. Alama zako siku nyingi sizioni, mwanangu. Ndiyo maana kabla ya mteremko nasimama, napapasa moja moja na spana yangu."

Nikacheka huku machozi yananitoka. Macho yake mabovu ndiyo yaliyowaokoa, nikawa nashukuru, nashukuru, mpaka binti yangu alipotoa kichwa dirishani.

"Mama, usimgombeze Babu. Tunaendesha vizuri. Kwenye taa mimi ndiye namwambia kama ni nyekundu."

Baba akajitoa chini ya gari polepole, akapangusa mikono kwenye suruali. Hakunitazama. Nikanyoosha mkono. Akanipa spana yake. Nikaendelea kuunyoosha.

Alipekua mfukoni muda mrefu, na mfuko ule ulikuwa na ufunguo mmoja tu. Mwishowe akauweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole juu yake.

"Mama yako asijue," akasema.

"Leo hii, Baba, nitamwambia."

Akaitika kwa kichwa. Akazunguka gari taratibu, mkono wake ukifuata bodi toka boneti hadi mlango wa abiria, akamwambia mjukuu wake asogee. Mimi nikalala chini, nikaiweka spana kwenye mia na kumi, nikakaza mpaka ikalia, mara mbili. Kichupa cha rangi kilikuwa mfukoni mwangu. Sikukitoa.