Gunia la Kilima cha Luhende

...na kijiko kimejaa mno, nipunguze, asije akapaliwa kama jana, Luhende wangu amekuwa mwepesi hivi, wodi nzima inakohoa, sista Katarina anapita anasema mzee mlishe basi, uji unapoa, nami namjibu marahaba mwanangu, wala hakuniamkia, sijui hata nasema nini... leo nitamwambia, bakuli likiisha nitamwambia, Mola wangu nipe ulimi, jana nilisema hivyo hivyo, na juzi, nikatoka hapa hospitali ya Kitete na dhambi yangu ile ile ya miaka mitatu, "Fungua kinywa, mzee mwenzangu," anameza, anakunja uso, "Mfaume, huu ni uji au maji uliyosuuzia sufuria?" bado ana utani, mtu aliyeng'olewa kilimani kwake mihogo ikiwa shambani bado ana utani... ni yeye aliyeyaona yale mawe, meusi, mazito kuliko ukubwa wake, akamwonyesha Bwana Damas, mtaalamu wa madini, naye akayageuza geuza akasema huenda humu mna madini adimu, yale yanayotia wekundu kwenye sinema za ndani ya sanduku, hata kijiwe cha kiberiti chako cha petroli, Mzee Mfaume, kinatokana nayo, na nchi zinazoyatoa duniani ni za kuhesabu, tupeleke gunia moja likapimwe, na mimi mbele ya kijiji kizima nikasema nitwisheni mimi, babu yangu alibeba pembe ya ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, hakuitua ila kwa kulala, nilijisifu, astaghafirullah, siku mbili za mguu hadi stesheni ya Usoke, siku ya pili bega limevimba, nikajiambia jiwe ni jiwe, nikayamwaga korongoni, pale relini nikaokota kokoto, nikachagua nyeusi nyeusi, na ile karatasi yenye namba ya gunia, hiyo niliitunza isilowe jasho, nikaiweka juu ya kokoto kwa adabu kabisa... na wakubwa walikuwa wamemwahidi Luhende kungoja, kilima kikiwa na mali ya taifa kijiji hakihamishwi, majibu yakaja, mawe ya kawaida, kisha yakaja malori ya kutuhamisha, hata watoto wakawa wanamwita tajiri wa kokoto, na Sikuzani, mkewe, hakuimaliza masika ya kwanza kule kijiji kipya, tukamzika mbali na makaburi ya wanawe, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote...

labda hayakuwa na kitu, hivyo ndivyo ninavyojifariji kila nikimaliza kuswali, labda hata yangefika wangesema vile vile, lakini hakuna atakayejua sasa, Bwana Damas kahamishwa, hakuna atakayerudi kupima kilima kilichokwisha kuandikwa hakina kitu, hicho ndicho nilichomwibia, kujua, "Mfaume," anasema, mkono wake umenishika kifundo cha mkono, umekauka, una joto, "nisamehe, bwana," nini tena, "nilikutwisha mawe ya bure, lile bega nililiona uliporudi, Sikuzani akalikanda kwa maji moto, nikaona haya hata kukuuliza"... Sikuzani alinikanda, nilikuwa nimesahau, Mola wangu, nilikuwa nimesahau, na neno liko tayari mdomoni, nimekusamehe, neno moja tu, atalala kwa amani na mimi nitaenda zangu na kikapu, jinsi lilivyo jepesi, na atazikwa akidhani ni macho yake yaliyomdanganya... siku zote hizi nilidhani nangoja apate nguvu ya kusikia, uongo, nilikuwa naogopa atanifukuza hapa kitandani, nani tena angenipokea, basi na anifukuze, ana haki, sista anasema jamani wageni muda unakwisha, Luhende ananitazama, anangoja nimsamehe, "Hukukosea," nasema, sauti kama si yangu, "Luhende, mawe yako hayakufika."