Karatasi ya Bwana Pellam

Jokha Muhiddin alilisoma jina lile amesimama jikoni kwake, Wembley, London, kikombe mkononi, na chai ikammwagikia kwenye kidole asihisi. Orodha yenyewe ilikuwa fupi. Mwenyekiti wa kikao: Jaji mstaafu Averill. Mjumbe: Bi J. Muhiddin. Mjumbe: Bwana R. Pellam, mfanyabiashara mstaafu.

"Mfanyabiashara," akasema peke yake. "Biashara gani, hiyo ya kutukana watu?"

Ilikuwa Machi 2003. Jokha alikuwa na miaka arubaini na sita. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ofisa wa nyumba za halmashauri, lakini kwa mwaka wa pili sasa alikuwa pia mjumbe wa bodi ya parole ya kanda, ile inayoamua mfungwa gani aachiwe na yupi abaki ndani. Siku nne kila mwezi alipanda treni hadi gerezani, akakaa mezani na wenzake wawili, wakamsikiliza mtu, wakapiga kura. Wajumbe waliteuliwa na serikali. Kwenye mafunzo waliambiwa siasa zao waziache mlangoni, na Jokha akaamini kwamba kila mtu huziacha.

Jokha alikuwa hajawahi kuonana na Pellam. Alichokijua ni karatasi yake ya kampeni. Mwaka 1994, wakati wa uchaguzi wa halmashauri, ilitiwa kwenye tundu la barua la kila mlango wa mtaa wao, ina picha yake anacheka.

Jumamosi akaenda dukani kwa Mansukh, muuza masufuria na mashuka, mzaliwa wa Mwanza. Mansukh alikuwa katibu wa chama cha wakazi kwa miaka ishirini na hakuwahi kutupa karatasi hata moja.

"Dada Jokha, karibu. Mbona leo umekunja ndita hivyo?"

"Kaka Mansukh, ile karatasi ya Pellam ya mwaka tisini na nne. Unayo?"

Hakuuliza ya nini. Aliingia stoo, akakaa huko kitambo, akarudi na bahasha ya kaki.

"Niliiweka makusudi," akasema. "Nilijua iko siku watatuambia tumeota."

Jokha akaisoma palepale kaunta. Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyakumbuka: mgeni mhalifu habadiliki, arudishwe kwao, na asiyerudishika afie ndani. Chini yake, jina kamili na saini.

Mfungwa ambaye kesi yake ilikuwa inakuja aliitwa Gervais Ilunga, mtu wa Lubumbashi. Mwaka 1991, akiwa na miaka ishirini na miwili, alipigana na mwenzake kituo cha basi, akamchoma kisu, yule akafa. Akahukumiwa maisha. Faili lake lilikuwa na kurasa mia tatu, na Jokha alizisoma zote. Askari jela, mtaalamu wa saikolojia, padri, wote waliandika kwamba mtu huyu yuko tayari kutoka.

Asubuhi ya kikao, Jokha aliwahi. Alimkuta Jaji Averill peke yake kwenye chumba cha gereza walichopewa, akaiweka karatasi mbele yake. Jaji akaisoma, akaikunja mara mbili, akamrudishia.

"Hii ni ya miaka tisa iliyopita, Bi Muhiddin."

"Na kosa la mfungwa ni la miaka kumi na miwili iliyopita. Mbona yeye bado tunamuuliza?"

Averill akavua miwani. "Kila mtu ana alikotoka. Hata wewe. Baba yako alikuwa mfungwa Zanzibar. Wapo waliosema huwezi kumtazama mfungwa usimwone baba yako. Mimi nilikutetea."

Jokha alihisi masikio yanawaka. Habari ile aliiandika mwenyewe kwenye fomu ya maombi, alipoulizwa kwa nini anaitaka kazi hii. Aliandika kwamba baba yake alichukuliwa nyumbani mwaka 1964, yeye akiwa na miaka saba, akarudi yeye ana kumi na tatu, na katika miaka sita yote hiyo hakupelekwa mbele ya hakimu hata mara moja. Aliiandika kwa uaminifu. Kumbe wenzake waliigeuza doa, wakakaa wakamjadili, na huyu hapa anangoja ashukuriwe.

"Nani aliyesema?"

Jaji akavaa tena miwani yake. Mlango ulikuwa unafunguliwa.

Pellam aliingia na chupa ya chai na pakiti ya biskuti. Alikuwa mzee mpole wa sauti, mwenye adabu. Akamvutia Jokha kiti. Akamkaribisha biskuti. Jokha angefurahi zaidi kama mzee yule angemtukana.

Saa nne Gervais akaletwa, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, pamoja na wakili wake, msichana wa Kihindi aliyeitwa Lila. Averill akawataja wajumbe kwa majina na kufungua faili. Jokha akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kabla hatujaanza. Baba yangu aliwekwa ndani miaka sita bila kesi. Huenda nikawa na huruma kupita kiasi kwa mtu aliyefungwa. Asiyenitaka na aseme. Na nataka kila mjumbe aseme lake."

"Bi Muhiddin," Averill akasema taratibu, "hapa si mahali pake."

"Ni wapi basi? Mlipokuwa mnanijadili mimi, mlinijadilia wapi?"

Macho yote yakamgeukia Pellam. Mzee akafuta makombo mezani kwa kiganja.

"Mimi sina la kusema," akasema. "Mimi ni raia wa kawaida."

"Basi itakusemea hii." Jokha akainuka, akazunguka meza, akaiweka karatasi mbele ya Lila.

Lila akaisoma. Akasoma tena. Akasimama. "Mteja wangu anampinga mjumbe huyu."

Averill hakupandisha sauti. Alisema kikao kimevunjika, litaundwa jopo jipya, na akamuuliza karani tarehe ya karibu. Karani akafungua daftari. Novemba.

Lila akamnong'oneza Gervais. Jokha alikuwa akimtazama, akingoja kuona afueni usoni mwake, au walau hasira kwa Pellam. Gervais hakumtazama Pellam kabisa. Alimtazama yeye.

"Mama, weye unajua Kiswahili, nimesikia jina yako," akasema. "Hii siku niliingojea miaka mbili. Mama yangu ametoka Lubumbashi, yuko hapa London, visa yake inaisha mwezi wa sita. Sasa nimwambie nini?"

"Kiingereza, Ilunga," askari akakemea.

Mjumbe haruhusiwi kuzungumza na mfungwa nje ya kikao. Jokha akazungumza. "Angekunyima, mwanangu. Yule asingekupa kura yake hata ungefanya nini."

"Pengine. Lakini ungeniuliza mimi kwanza."

Wakamtoa.

Jokha alirudi nyumbani akamweleza baba yake kila kitu, hata sehemu iliyomuaibisha. Mzee Muhiddin alikuwa na miaka themanini na moja na alikuwa bado hapendi kukaa chumba kilichofungwa mlango.

"Yule Mzungu umemfichua, vyema," akasema. "Lakini ningekuwa mimi ndiye yule mfungwa, ningekutukana."

"Najua, baba."

"Hujui. Mimi kila siku moja ya ile miaka sita naijua ilivyokuwa. Wewe umempa mtu miezi minane."

Aprili ikaja barua. Jokha alikuwa amevunja taratibu za kikao na amezungumza na mfungwa. Hatapangiwa kesi tena, na anashukuriwa kwa mchango wake. Aliandika kurasa nne kujibu, akaambatanisha nakala ya ile karatasi, akauliza kwa nini aliyeficha anabaki na aliyesema anaondoka. Alijibiwa kwa mistari miwili kwamba suala limefungwa.

Novemba watu watatu ambao hakuwajua walikaa na Gervais kwa muda wa saa mbili na nusu, wakakubali aachiwe. Lila alimpigia Jokha simu kumpa habari.

"Na mama yake?"

"Alirudi Juni."

"Gervais amesema chochote juu yangu?"

"Hapana, auntie. Hajasema."

Mwezi uliofuata Jokha alikuwa ofisini, katikati ya mafaili ya wapangaji, alipoletewa jarida la wafanyakazi wa serikali lenye orodha ya teuzi mpya. Roger Pellam ameongezewa miaka mitatu, na sasa ndiye atakayewafunza wajumbe wapya namna ya kutoa maamuzi bila upendeleo. Jokha akasoma hadi mwisho. Kisha akatamka tusi zito la Kiunguja, ambalo tangu azaliwe hajawahi kulitoa mbele za watu, na akalitoa kwa sauti.

Ofisi nzima ikanyamaza. Msichana wa meza ya pili akauliza lina maana gani.

Jokha akamwambia, neno kwa neno.